Leseni ya Kuosha Madirisha Nairobi: Nani Anadai Nini

Hakuna leseni ya kuosha madirisha Nairobi. Sheria za Kenya hazina cheti chenye jina hilo, wala hakuna bodi inayosajili waosha madirisha jinsi wahandisi na mawakili wanavyosajiliwa. Mtu akikuuzia "leseni ya madirisha" kwenye saiba au nje ya Huduma Centre, anakuuzia karatasi tupu.

Hata hivyo, aliyejiajiri kwa kazi hii hajaachwa huru. Kaunti inamdai kibali cha biashara. Mamlaka ya Ushuru, KRA, inamdai kodi na ripoti. Wateja wenyewe wanamdai cheti cha polisi. Na sheria ya usalama kazini inamhusu hata kama hana mwajiri wala mwajiriwa. Kila dai lina chanzo chake, ada yake na adhabu yake, na sijaona ofisi inayomkalisha mtu chini ikamweleza yote manne kwa mkupuo. Ndiyo sababu wengi hulipa mahali wasipodaiwa, kisha wakaacha wazi pale palipo na hatari kubwa kuliko zote, ambapo kwa bahati mbaya hapana afisa anayepita kukagua.

Kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti kazi ya kuendeleza na kusimamia biashara, zikiwemo leseni za biashara, isipokuwa usimamizi wa taaluma. Kwa hiyo mhandisi hupimwa na bodi ya kitaifa kama anaujua uhandisi, kisha kaunti humtoza kwa kufungua ofisi. Mwosha madirisha hana bodi ya kumpima, na kaunti nayo haimuulizi kama anaijua kazi. Inamuuliza anafanyia biashara wapi, ni ya aina gani na ina ukubwa gani. Ukilielewa hilo, mengi yanayofuata yataeleweka.

Mfumo wa kibali kimoja cha biashara ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990, enzi za mabaraza ya miji, ili kuondoa utitiri wa leseni ndogondogo. Baada ya muda utitiri ukarudi: cheti cha zimamoto, cha afya, cha bango la tangazo, kila kimoja na afisa wake. Serikali ya Gavana Johnson Sakaja, iliyoingia mwaka 2022, ikavikusanya katika kibali cha pamoja kinachoombwa na kulipiwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa kaunti. Unajaza maelezo yako na ya biashara, mfumo unakutolea ankara, unalipa kwa simu au benki, kisha unachapisha kibali.

Ada yenyewe haipangwi na afisa aliye dirishani. Iko kwenye jedwali lililoambatishwa kwenye Sheria ya Fedha ya Kaunti, inayopitishwa na Bunge la Kaunti. Jedwali hugawa biashara katika makundi: wauzaji wa jumla na rejareja, sekta isiyo rasmi, uchukuzi, hoteli na malazi, huduma za kitaalamu, shule na hospitali za binafsi, viwanda na karakana. Ndani ya kila kundi ada hupanda kadiri idadi ya wafanyakazi na ukubwa wa eneo unavyopanda.

Hapa ndipo pesa hupotea. Ukiandika "huduma" peke yake kwenye fomu, au ukimwachia mhudumu wa saiba akuandikie, unaweza kuangukia kundi la huduma za kitaalamu pamoja na mawakili na wahasibu, na ada ya kundi hilo haiendani na kazi yako hata kidogo. Eleza shughuli kwa ukamilifu: kuosha madirisha, mtu mmoja, bila ofisi, bila bango. Kisha soma kundi lililoandikwa kwenye ankara kabla ya kulipa. Ukishalipa, kulibadilisha ni safari za kwenda na kurudi City Hall, na siku unayoshinda kwenye foleni huoshi kioo chochote.

Kuna jambo moja linalobadilisha hesabu hii. Siku utakapokodi chumba cha kuwekea ngazi, ndoo na sabuni, hata kiwe kidogo namna gani, umepata eneo la biashara. Sasa kaunti ina mahali pa kukagua, na masuala ya zimamoto ambayo hayakukuhusu ulipokuwa ukiweka vifaa nyumbani yanaanza kukuhusu. Kodi ya chumba isikupumbaze ukadhani ndiyo gharama yote.

Na mipaka? Ruaka iko Kiambu, Syokimau iko Machakos, Rongai na Kitengela ziko Kajiado, na mteja mzuri hana mpaka. Kibali cha Nairobi kimetolewa na Nairobi tu. Lakini kifungu cha 209 cha Katiba, ibara ya 5, kinakataza kaunti kutumia mamlaka yake ya kutoza kwa namna inayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti au usafiri wa bidhaa, huduma, mitaji na wafanyakazi nchini. Kwa maoni yangu, mtu mwenye makao ya biashara Nairobi anayevuka kwenda Ruaka kuosha vioo vya nyumba moja na kurudi jioni ana hoja nzito ya kukataa kulipishwa mara ya pili. Aliyefungua stoo Kitengela hana hoja hiyo. Huko atafute kibali cha Kajiado.

Kuhusu kanjo, mambo ni mawili. Askari wa kaunti anaweza kukuomba umwonyeshe kibali, kwa hiyo tembea na nakala kwenye simu na nyingine ya karatasi ndani ya mfuko wa vifaa. Faini, hata hivyo, hutolewa na mahakama. Mapato ya kaunti huingia kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti kwa mujibu wa kifungu cha 207 cha Katiba, hayaingii mfuko wa sare. Anayekuambia "tumalizane hapa" hakukusanyi ushuru. Na ukinyimwa kibali ofisini, kifungu cha 47 pamoja na sheria ya mwaka 2015 inayohusu haki katika maamuzi ya kiutawala vinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Iombe. Sababu iliyoandikwa unaweza kuipinga. Uliyoambiwa kwa mdomo, utaithibitisha vipi?

Jina la biashara

Hili ni fupi. Ukifanya kazi kwa majina yako halisi, sheria ya majina ya biashara haikudai usajili. Ukiongeza neno lolote, tuseme "Otieno Vioo Safi", inakupasa ulisajili jina hilo kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa ofisi ya usajili wa biashara, BRS. Gharama ni karibu shilingi 1,000. Kampuni yenye dhima ya kikomo ni karibu mara kumi ya hapo, shilingi 10,650, na inakuja na ripoti za kila mwaka. Kwa mtu mmoja mwenye ngazi mbili, sioni haja ya kampuni hadi mteja mkubwa aidai kwa maandishi. Malipo ya eCitizen hupitia nambari 222222. Fundi wa karatasi anayetaka umtumie kwa nambari yake ya simu anataka cha kwake.

KRA, na imani moja potofu iliyobaki

Bado wapo wanaoamini kwamba ukilipia kibali cha kaunti, KRA nao wameridhika. Imani hiyo ina chanzo cha kweli. Kuanzia Januari 2019 palikuwa na kodi ya makisio iliyotozwa pamoja na kibali cha biashara, asilimia 15 ya ada ya kibali hicho. Ilifutwa mwaka 2020. Tangu hapo kibali cha kaunti na kodi ya kitaifa havikutani popote, na kulipa kimoja hakukupunguzii kingine hata shilingi.

Kodi ipi inakuhusu? Inategemea jumla ya unachoingiza kwa mwaka kabla ya kutoa gharama.

Ukiingiza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25, unaingia kwenye kodi ya mauzo ghafi. Kiwango chake ni asilimia 3 tangu Julai 2023. Kabla ya hapo kilikuwa asilimia 1. Unaripoti na kulipa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hapa watu walichanganyikiwa sana mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa 2024 uliondolewa baada ya maandamano ya Juni, kisha mwisho wa Julai Mahakama ya Rufaa ikaifuta Sheria ya Fedha ya 2023, na wengi wakasikia kwamba asilimia 3 imekufa. Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo tarehe 29 Oktoba 2024, na sheria ya 2023 ikasimama tena. Mswada uliokufa na sheria iliyonusurika ni vitu viwili.

Ukiingiza chini ya milioni 1, kodi ya mauzo ghafi haikugusi, lakini bado una ripoti ya mwaka ya kodi ya mapato, mwisho wake Juni 30. Hapo unatozwa kwa faida, yaani kinachobaki baada ya gharama, kwa viwango vilevile vya mshahara: shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka asilimia 10, shilingi 100,000 zinazofuata asilimia 25, kisha asilimia 30 kwa zinazofuata. Kila mkaazi hupunguziwa shilingi 28,800 kwa mwaka, na kwa hiyo asiyezidisha faida ya shilingi 24,000 kwa mwezi hana anachodaiwa. Ripoti anadaiwa. Kutowasilisha ni faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa, na mtu asiyekuwa na kodi yoyote ya kulipa hujikuta ana deni kwa sababu ya ripoti tu.

Sasa tufanye hesabu. Chukua mwosha madirisha anayeingiza shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Tuseme sabuni, vifaa, usafiri na vibarua vinamla shilingi 25,000 kwa mwezi. Faida yake ya mwaka ni 420,000. Kodi: 28,800 kwa daraja la kwanza, 25,000 kwa la pili, na 9,600 kwa shilingi 32,000 zilizosalia. Jumla 63,400, ukitoa punguzo la 28,800 anabaki na deni la shilingi 34,600.

Tuseme mtu huyohuyo hana ankara za gharama zake. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki kama makato, ukiacha gharama chache zilizosamehewa. KRA wakizikataa gharama zake zote, wanamtoza kwa 720,000 nzima, na deni linaruka hadi shilingi 124,600. Tofauti ni shilingi 90,000 kwa mwaka, zaidi ya mapato yake ya mwezi mzima, na imetokana na makaratasi tu. Kazi haikubadilika wala mfuko wake haukunenepa.

Linganisha na aliyekua akafikisha shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Huyo analipa asilimia 3 ya mauzo, yaani 36,000 kwa mwaka, na hahitaji kuthibitisha gharama yoyote. Anaingiza karibu shilingi nusu milioni zaidi ya mwenzake, lakini kodi zao zinapishana kwa shilingi 1,400. Kwa mtu anayenunua sabuni Gikomba na kulipa kibarua kwa M-Pesa, mfumo huu unambana mdogo kuliko mkubwa. Naona hili ni kosa katika sheria, na linastahili kusemwa wazi.

eTIMS ina upande wa pili, nao ndio unaoamua kama utapata kazi ya ofisi au la. Msimamizi wa jengo Upper Hill naye anahitaji ankara ya eTIMS kutoka kwako, la sivyo malipo anayokupa hayatakubaliwa kwenye hesabu zake. Ndiyo maana mafundi hodari huachwa na kandarasi zikaenda kwa makampuni. Huhitaji mashine wala kompyuta: kuna eTIMS nyepesi ya kupiga *222# kwenye simu ya kawaida. Zaidi ya hapo, marekebisho ya sheria ya mwaka 2024 yanaruhusu mnunuzi kuandaa ankara yeye mwenyewe kwa niaba ya mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Msimamizi akikwambia hawezi kukupa kazi kwa sababu huna eTIMS, mjulishe kuhusu njia hiyo. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, haikuhusu hadi ufike milioni hizo 5.

Tozo mbili nyingine zipite haraka. Tozo ya nyumba, kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ni asilimia 1.5 ya mapato ghafi hata kwa asiyeajiriwa. Kwa shilingi 60,000 ni 900 kwa mwezi. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 ya kipato kinachokadiriwa kwa maswali, na haishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Hiyo ya SHA usiichelewe ukiwa unapanda ngazi kila siku. Asiyeajiriwa hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, na kuanza kulipa ukiwa tayari umelazwa ni kuchelewa.

Cheti cha polisi, na jinsi Uskoti walivyofanya

Kuna nchi ambako leseni ya mwosha madirisha ipo kweli. Uskoti, kwa sheria yake ya mwaka 1982 inayohusu utawala wa miji, kila halmashauri inaweza kuamua kwamba anayeosha madirisha kwa biashara awe na leseni yake binafsi. Polisi huulizwa kuhusu mwombaji, na leseni haidumu zaidi ya miaka mitatu. England, iliyo jirani, haina sharti hilo. Mantiki ya Uskoti inaeleweka: mtu mwenye ngazi, anayechungulia vyumba vya watu na kujua nani hayupo mchana, anaaminiwa kwa jambo zito.

Nairobi, kazi hiyo ya kuaminisha imeachiwa geti. Mitaa yenye ukuta na walinzi, kuanzia Lavington hadi Runda, husimamiwa na vyama vya wakaazi, na wengi hawatakuruhusu kuingia bila kitambulisho na cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Unakiomba kwenye eCitizen kwa shilingi 1,050, unachapisha fomu, unachukuliwa alama za vidole Huduma Centre au makao ya DCI, Kiambu Road, kisha unasubiri. Hakuna sheria inayokulazimisha kuwa nacho ili uoshe madirisha. Lakini katika orodha hii nzima, sijui karatasi inayorudisha gharama yake haraka kuliko hii, kwa kuwa mteja wa kwanza kukuruhusu ndani ya mtaa ndiye atakayekupa majirani zake.

Anayelenga ofisi za serikali aongeze viwili, vyote bure: cheti cha KRA cha kuthibitisha kwamba hana deni la kodi, na cheti cha AGPO kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ambao sheria inawatengea asilimia 30 ya zabuni za serikali.

Kamba

Mpaka hapa kila ofisi imeuliza pesa au jina. Hakuna iliyouliza kuhusu kamba, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka kila aliyejiajiri kuchukua tahadhari zote zinazohitajika ili kujilinda mwenyewe na walio karibu na anapofanyia kazi. Kwa hiyo mpita njia wa Moi Avenue anayeweza kuangukiwa na ndoo yuko chini ya wajibu wako. Sheria hiyohiyo inataka madirisha yanayoingiza mwanga mahali pa kazi yawekwe safi ndani na nje, kadiri inavyowezekana. Tafsiri yake ni kwamba mwenye jengo analazimika kumtafuta mtu wa kupanda. Ila huyo aliyepanda akianguka, nani anamlipa?

Aliyeajiriwa ana Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, WIBA, ya 2007. Mwajiri lazima amkatie bima, na kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu fidia ni mapato ya miezi 96, yaani miaka minane. Aliyejiajiri hana lolote katika sheria hiyo. Kwa kuwa amejiita mkandarasi, amejitoa kwenye miaka minane ya mapato, na mara nyingi hakuna aliyemweleza siku alipokubali kazi.

Wengine husema mwenye jengo atashtakiwa. Huenda, lakini usitegemee sana. Sheria ya Kenya ya dhima ya mwenye eneo, Sura ya 34, inamtaka mwenye eneo awajali wageni wake, kisha inaongeza kwamba anaweza kutarajia mtu aliyekuja kwa kazi yake azijue na ajikinge na hatari za kawaida za kazi hiyo. Maneno hayo yametoka kwenye sheria ya Uingereza, na huko palikuwa na kesi ya mwosha madirisha hasa. Alikuwa akiosha kwa nje dirisha la klabu moja ya London, amesimama ukingoni na kushikilia fremu, dirisha likashuka juu ya vidole vyake akaanguka. Klabu iliondolewa lawama. Mwaka 1952 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo iliamua kwamba mwenye kosa ni mwajiri wake, kampuni ya usafi, kwa kutompangia njia salama ya kufanya kazi. Mahakama za Kenya husoma maamuzi ya aina hiyo kama mwongozo. Sasa mwondoe mwajiri kwenye hadithi hiyo. Klabu haina lawama, kampuni haipo, na majeruhi amebaki na hospitali yake.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kujiita umejiajiri, hakikisha ni kweli. Kama unaripoti jengo lilelile kila asubuhi, unatumia ngazi yao, unafuata saa za msimamizi wao na unalipwa kwa siku, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa na mkataba wa kawaida wa ajira. Jina lililoandikwa kwenye vocha haliibadilishi hali hiyo. Wapo Nairobi wanaoitwa makandarasi ili jengo likwepe WIBA, na wana haki ambazo hawajazidai.

Aliyejiajiri kwa kweli anahitaji bima mbili kutoka kampuni iliyosajiliwa na mamlaka ya bima, IRA. Moja ni ya ajali binafsi, inayomlipa yeye au familia yake. Nyingine ni ya dhima kwa umma, inayolipa gari lililovunjwa kioo au mtu aliyejeruhiwa chini. Soma kipengele cha urefu kabla ya kutia sahihi: bima nyingi huweka kikomo cha kazi za juu, na kununua ya bei rahisi isiyofika ghorofa unayoosha ni kutupa pesa. Ukichukua msaidizi, hata mmoja, wewe sasa ni mwajiri na WIBA inakuhusu kwa ukamilifu.

Majengo marefu ni ulimwengu mwingine. Kwa kazi ya kamba, wasimamizi makini hudai cheti chenye viwango vitatu cha IRATA, chama cha kimataifa cha kazi za kamba, na kibali cha ndani cha kazi ya juu kwa kila siku. Vifaa vya kunyanyulia, kikiwemo kitanda cha kuning'inia, sharti vikaguliwe kwa vipindi na mkaguzi aliyeidhinishwa na idara ya usalama kazini, DOSHS. Omba uone cheti cha ukaguzi na tarehe yake kabla ya kukanyaga. Ukionyeshwa uso wa kununa badala ya cheti, shuka. Kazi ya siku hiyo utaipata kwingine.

Pa kulisemea hili

Jedwali la ada si la kudumu. Mswada wa Fedha wa Kaunti hauwezi kuwa sheria bila umma kushirikishwa, na Katiba, kifungu cha 201, inautaja ushiriki huo kwa jina. Tangazo hutolewa, mikutano huitwa, na Bunge la Kaunti hupokea maoni kwa maandishi. Wenye maduka huenda, wenye hoteli huenda na mawakili wao. Waosha madirisha, wapiga rangi na mafundi wengine wa ngazi na kamba wana madai mawili ya maana ya kuandika: watengewe mstari wao kwenye jedwali, kama watoa huduma wasio na jengo, ili ada isitegemee hisia za anayejaza fomu, na anayeonyesha bima ya ajali apunguziwe kibali. Barua ya ukurasa mmoja yenye majina na nambari za vitambulisho inatosha, ikipelekwa kwa karani wa Bunge la Kaunti, City Hall, kabla ya tarehe iliyo kwenye tangazo. Gonga nakala muhuri wa kupokelewa, uondoke nayo.